Istilahi za Tiba ya Nywele Zinazopungua: Eksosomu, Kuhuisha na Kuchipuza

Mfasiri mmoja wa mjini Moshi alituletea karatasi ya kurasa mbili akitaka msaada wetu. Karatasi hiyo, iliyoandikwa ng'ambo, yaeleza tiba mpya ya watu ambao nywele zao zinapungua, tiba inayotumia vitu viitwavyo eksosomu. Mfasiri alikwisha kutafsiri sehemu kubwa, lakini mambo matatu yalimshinda: jina la tiba, jina la kitu kinachotumika, na jina la ugonjwa wenyewe. Sisi tulidhani kazi hiyo ingemalizika mezani kwa asubuhi moja. Tuliandika "dawa ya nywele ya kuhuisha", tukamrudishia. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jibu letu lilikuwa na kasoro, na ni istilahi zipi tunazozipendekeza badala yake.

1. "Dawa ya nywele" ni nini?

Kabla ya karatasi kupigwa chapa, mfasiri alituomba tuisome mbele ya watu wa kawaida. Tuliichukua mpaka Majengo, tukaketi kibarazani kwa msusi mmoja wa makamo, ambaye wakati huo alikuwa akimsuka binti twende kilioni. Tulipomaliza ukurasa wa kwanza alituuliza, "Mwanangu, hiyo dawa ni ya kulainisha, au ni ya kuotesha?"

Swali hilo lilitosha kuonyesha kosa. Katika ususi, mtu akisema "nimetia dawa" maana yake ni kwamba amelainisha nywele zake za kipilipili kwa kemikali ili zinyooke. "Dawa ya nywele" kwa wasusi na wateja wao ni kilainisho, wala si tiba. Tena, kilainisho kikitumiwa vibaya chaweza kuunguza ngozi ya kichwa na kuzikata nywele. Kwa hiyo tulikuwa tumeliita jambo linalodaiwa kuponya kwa jina la jambo ambalo huweza kudhuru. Hapana kamusi ambayo ingetuonya, kwa kuwa maneno yote mawili, dawa na nywele, ni sahihi yakiwa peke yake. Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya afya litumike neno tiba, na neno kilainisho litumike kwa kemikali ya kunyoosha nywele.

2. Majina ya upungufu wa nywele

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Msemaji wa kawaida hutofautisha kukatika, yaani unywele kuvunjika katikati na shina lake likabaki. Kunyonyoka, yaani unywele kutoka mzima. Na kupungua, yaani nywele kuwa chache kuliko zilivyokuwa. Kuna panja, sehemu za pembeni mwa paji la uso ambako nywele zimerudi nyuma. Kuna upara, kuna kibarango, yaani baka la kichwani lisilo na nywele, na kuna mapunye, maradhi ya ukungu yanayowapata hasa watoto. Mfasiri anayeyaita yote haya "kupotea kwa nywele" anaacha mali ya lugha na kuokota kivuli cha lugha nyingine.

Hata hivyo, madaktari wana mgawanyo mmoja ambao lugha ya kila siku haina jina lake. Upo upara ambao shina la unywele lingali hai chini ya ngozi, ingawa limedhoofika au limepumzika. Na upo upara ambao shina limekwisha kuharibika, na mahali pake pameshikwa na kovu. Aina moja ya huu wa pili huanzia utosini na kuenea pembeni, na huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Upara unaotokana na nywele kuvutwa kwa misuko ya kukaza, nao huanza ukiwa wa aina ya kwanza, lakini usipotunzwa kwa miaka mingi huishia kwenye aina ya pili.

Hapa Moshi mgawanyo huo si jambo la vitabuni tu. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu 1992 kipo hapo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimewafundisha watumishi wa afya wa nchi mbalimbali za Afrika. Mtumishi anayetoka katika mafunzo ya namna hiyo hana budi kumweleza mgonjwa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, upara wake ni wa upande gani. Tunapendekeza upara wa kovu na upara usio na kovu. Ni maneno mafupi, nayo yanaeleweka bila ufafanuzi mrefu.

3. Eksosomu

Seli za mwili hutoa vijifuko vidogo mno vilivyozungukwa na utando wa mafuta. Ndani yake mna protini na vipande vya asidi za kiini, ambavyo seli nyingine huweza kuvipokea na kubadili mwenendo wake. Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti, moja la Kanada na jingine la Marekani, yalieleza jinsi seli changa nyekundu za damu zinavyovitoa vijifuko hivyo. Mwaka 1987 Rose Johnstone na wenzake wa Montreal wakalitumia jina la eksosomu kwa maana tunayoijua leo. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba vijifuko hivyo huchukua ujumbe wa kurithi kutoka seli moja hadi nyingine. Ukubwa wake ni baina ya nanomita 30 na 150 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Tulipotafuta jina la Kiswahili, wazo la kwanza lilikuwa kitumwa, kwa kuwa kitu hiki chatumwa. Tuliliacha mara moja, kwani msikilizaji angeusikia utumwa. Wazo la pili lilikuwa kifurushi, lakini neno hilo sasa limeshikwa na makampuni ya simu. Mwishowe tuliona kwamba Kiswahili kina ukoo wa maneno uliokwisha kuzoeleka mashuleni: kromosomu, ribosomu, lisosomu. Sehemu ya mwisho ya maneno hayo yatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mwili, na sehemu ya kwanza ya neno letu ina maana ya nje. Eksosomu inaingia katika ukoo huo bila taabu, katika ngeli ile ile: eksosomu hii, eksosomu hizi.

Lakini lipo onyo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii kimeshauri, katika miongozo yake ya 2018 na 2023, kwamba jina la eksosomu litumike tu pale asili ya vijifuko, yaani kutokea ndani ya seli kwa njia maalumu, imethibitishwa. Pasipo uthibitisho huo, litumike jina la jumla. Sisi twapendekeza jina hilo la jumla liwe vijifuko vya nje ya seli. Hivyo mfasiri akiiona chupa iliyoandikwa eksosomu, na aandike "bidhaa inayodaiwa kuwa na eksosomu". Huko si kuongeza maneno, bali ni kuwa mwaminifu.

4. Kuhuisha au kuchipuza?

Hapa ndipo palipo uzito wa makala haya. Kuhuisha ni kutia uhai. Mwenye kulisikia neno hili huelewa kwamba kilichokufa kitafufuka. Tulipousoma ukurasa wa pili, mteja mmoja pale kibarazani alifungua kitambaa chake. Utosi wake ulikuwa laini, unang'aa. Aliuliza bei ya tiba hiyo, akaanza kuhesabu mahindi aliyoweka na mbuzi aliyeweza kumwuza. Sisi si madaktari, wala hatukuthubutu kumwambia hali yake ni ipi. Tulimshauri aende hospitali kwanza. Lakini tulitambua kwamba aliyemtia tumaini lile si mwandishi wa ng'ambo. Ni sisi, kwa neno moja.

Msusi ndiye aliyetupa njia. "Mbuni ukiukata shina likabaki, utachipua," alisema. "Ukiung'oa, utachipua nini?" Kila mkulima wa kahawa wa mlimani aijua kanuni hiyo, nayo yalingana na maelezo ya wataalamu. Kila shina la unywele lina zamu zake: huota kwa miaka kadhaa, hunywea kwa majuma machache, kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi kabla ya kuota tena. Katika maabara, eksosomu zilizotokana na seli fulani zimeamsha mashina yaliyopumzika katika ngozi ya panya. Majaribio kwa binadamu yamekuwa machache na madogo. Na shina lililogeuka kovu halina kitu cha kuamshwa.

Kwa sababu hiyo twapendekeza tiba ya kuchipuza badala ya tiba ya kuhuisha. Neno hili linadai shina lililo hai, na kwa hiyo linabeba mpaka wake ndani yake.

Mfasiri pia akumbuke hali ya kisheria. Desemba 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma, baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizodaiwa kuwa na eksosomu, ikaeleza kwamba haikuwa imeidhinisha bidhaa yoyote ya namna hiyo. Kinyume chake, minoksidili ya kupaka iliidhinishwa huko kwa ajili ya nywele mwaka 1988. Basi "inayotolewa" isitafsiriwe "iliyoidhinishwa", na "inatarajiwa" isigeuzwe "itafanya".

5. Istilahi zinazopendekezwa

Eksosomu: kijifuko kinachotokea ndani ya seli na kutolewa nje, chenye kupeleka ujumbe kwa seli nyingine.
Kijifuko cha nje ya seli: jina la jumla la vijifuko vyote vinavyotolewa na seli.
Kilainisho: kemikali ya kunyoosha nywele.
Tiba ya kuchipuza: tiba inayokusudiwa kuamsha ukuaji mahali penye shina hai.
Upara usio na kovu: upara ambao mashina ya nywele yangali hai.
Upara wa kovu: upara ambao mashina yameharibika na kovu limeshika mahali pake.
Upara wa mvuto: upara unaoletwa na kuvutwa kwa nywele kwa muda mrefu.

Karatasi ya mfasiri imekwisha kusahihishwa. Sentensi yake ya kwanza sasa yasema kwamba tiba hii haikusudiwi kwa upara wa kovu, na kwamba msomaji amwone kwanza mganga wa ngozi. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watakaoyatumia maneno haya kazini twawaomba watuletee maoni yao, hasa pale yatakapogongana na maneno ambayo watu wa mahali pao wanayo tayari.