Kwa nini watafiti huhitaji kujua aina ya tishu za mchangia damu

MTU anayejitolea damu mjini Sumbawanga hupimwa kundi lake, A, B, AB au O, pamoja na maradhi yanayoweza kuambukizwa kwa njia ya damu. Hayo humtosha mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua. Hayamtoshi mgonjwa anayehitaji figo au uloto, wala mtafiti anayetaka kujua kwa nini chanjo moja huwaamsha kinga watu wawili kwa viwango tofauti.

Kinachotafutwa hapo ni aina ya tishu, yaani alama za protini zilizo juu ya karibu kila chembe hai yenye kiini, ambazo wataalamu huziita kwa kifupi HLA. Jeni zake zimo katika kromosomu ya sita, na mililita chache za damu hutosha kuzisoma. Mfaransa Jean Dausset aliigundua ya kwanza mwaka 1958, alipochunguza damu ya wagonjwa waliokuwa wameongezewa damu mara nyingi. Mwaka 1980 alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel.

Alama hizo hazikuumbwa kwa ajili ya kuwasumbua madaktari wa upandikizaji. Virusi vikiingia ndani ya chembe, vipande vya protini zake hubebwa na HLA na kuwekwa nje, kama mwenye duka anavyotandaza bidhaa barazani. Chembe nyeupe za kinga hupita zikikagua. Zikikuta kipande kigeni, huiangamiza chembe hiyo. Lakini kila aina ya HLA hubeba vipande vya umbo fulani tu. Kwa hiyo virusi vilevile vikiwaingia majirani wawili, kinga zao huoneshwa vitu tofauti.

Mfano ulio karibu na Ufipa uko Mbeya. Kuanzia mwaka 2000, wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na maeneo kama hayo walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kwa waliokuwa na virusi vya Ukimwi, watafiti walilinganisha kiasi cha virusi, sehemu za virusi zilizoshambuliwa na kinga, na aina ya tishu ya kila mmoja. Wale ambao kinga yao ilishambulia sehemu kadhaa za protini ya ndani ya kirusi, iitwayo Gag, ndio waliokuwa na virusi vichache. Matokeo ya aina hiyo humwelekeza mtengeneza chanjo mahali pa kulenga. Mbeya ilishiriki pia, pamoja na Kampala na Kericho, katika jaribio la chanjo lililoanza mwaka 2006.

Je, haitoshi kupima Waafrika wa mahali popote? Haitoshi hata kidogo. Aina iitwayo HLA-B*57:01 humweka mtu katika hatari ya kudhurika vibaya na dawa ya abakaviri, inayotumika kutibu virusi vya Ukimwi. Ilipochunguzwa, ilikutwa kwa asilimia 13.6 miongoni mwa Wamasai wa Kenya, asilimia 3.3 kwa Waluhya wa nchi hiyohiyo, na haikuonekana kabisa katika sampuli ya Wayoruba wa Nigeria. Anayekisia hali ya Wafipa kwa kutazama Lagos, au hata Nairobi, anabahatisha.

Athari zake huonekana pia hospitalini. Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Asipopatikana, hutafutwa mtu baki. Orodha za dunia zina watu zaidi ya milioni 40, lakini huko Marekani mgonjwa mweupe hupata anayelingana naye kwa asilimia 79, na mweusi kwa asilimia 29 tu.

Hata hivyo, kuomba damu ya watu si jambo jepesi. Hadithi za mumiani zimezunguka Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na Sumbawanga ni mji ambao jina lake lenyewe hutafsiriwa kuwa 'tupa uchawi'. Hofu nyingine ina msingi wa kisayansi kabisa. Mtoto hurithi nusu ya alama hizi kwa baba na nusu kwa mama, hivyo kipimo cha familia nzima kinaweza kufichua kwamba baba anayejulikana siye mzazi. Ndiyo maana ridhaa lazima iombwe kwa lugha anayoielewa mchangiaji, jina litenganishwe na sampuli, na utafiti upate kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, mkataba wa kuzihamisha huhitajika kwanza, ukieleza zitatumika kwa kazi gani.