Je, Wajua? Kupanga nyumba Kolwezi ukiwa na deni

Je, wajua kwamba mjini Kolwezi, nchini Congo, mtu anaweza kudaiwa na benki na bado akapewa chumba jioni ileile? Mwenye parseli, yaani mwenye nyumba, hapigi simu benki. Anauliza unafanya kazi wapi, kisha anauliza ulikuwa unakaa kwa nani. Hilo la pili ndilo linalowatoa watu jasho, kwa sababu huko ulikotoka kuna majirani, na majirani husema.

Je, wajua kwamba Benki Kuu ya Congo ina kumbukumbu za wakopaji, Centrale des Risques? Benki na taasisi za mikopo ndizo zinazozitumia. Mwenye nyumba wa komuni ya Dilala au Manika hapa mjini hazimhusu. Uingereza mambo ni tofauti: wakala wa nyumba huchunguza historia yako ya mikopo kabla hajakupa ufunguo.

Je, wajua kwamba zamani kazi yenyewe ndiyo ilikuwa dhamana? Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliwajengea wafanyakazi wake makambi, na kampuni ya serikali ya Gécamines ikaurithi utaratibu huo. Mfanyakazi hakuulizwa kodi na mtu. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Leo wengi wanaishi kwa kuchimba au kuuza madini, na pato la siku halina karatasi ya mshahara. Hapo ndipo garanti, yaani fedha ya dhamana anayoweka mpangaji kabla ya kuingia, ilipopata nguvu.

Je, wajua kwamba garanti ina kikomo kisheria? Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema isizidi kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Wapangaji wengi hawajapata kuisikia, na wanaodaiwa miezi sita hulipa kimya. Hata miezi mitatu ni mzigo. Tuseme chumba ni dola 50 kwa mwezi: garanti 150, kodi ya mwezi wa kwanza 50, na komisyoneri aliyekuonyesha chumba naye hudai kama mwezi mmoja. Hizo ni dola 250 kabla hujaingiza godoro. Tena noti ziwe safi. Iliyochanika hata kidogo pembeni inarudishwa.

Je, wajua kwamba mara nyingi garanti yako haiwekwi popote? Mwenye nyumba huitumia kumrudishia mpangaji anayetoka, au hujengea chumba kingine uani. Siku ukihama anakwambia usubiri mpangaji mpya alipe. Ndiyo maana wengine huamua kuila garanti: wanaacha kulipa miezi ya mwisho. Naelewa hasira yao, lakini wasipokubaliana kwanza na mwenye nyumba, huko waendako jina lao linafika kabla ya vyombo vyao.

Je, wajua kwamba nyumba inaweza kukutoka hata ukilipa vizuri? Mtaani Kasulo, humu humu Kolwezi, mwaka 2014, mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakuta kobalti. Mashimo yakaenea chini ya nyumba, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, wakazi wakahamishwa.

Je, wajua kinachomsaidia mwenye jina baya? Mdhamini anayejulikana: mzee wa kanisa, msimamizi wa kazini, mjomba mwenye parseli yake. Zamu ya likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, iliyopangwa ianguke mwezi wa kuhama. Na kubwa kuliko yote, kwenda kwa mwenye nyumba wa zamani, kupunguza lile deni hata kwa kidogo, na kumwomba aandike mistari miwili kwamba mmeelewana. Hiyo inamtuliza mwenye nyumba mpya kuliko maneno mengi.

Basi ndugu msomaji, usitoe garanti mkono kwa mkono ukaridhika. Karatasi ya daftari inatosha: tarehe, namba ya parseli, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi zenu wawili na shahidi wa kila upande. Andikeni nakala mbili, na yako usiiache ndani ya nyumba unayopanga.