Kidonda cha Chanjo Kisipopona

Mtoto anapozaliwa, miongoni mwa chanjo za kwanza anazopewa ni BCG, inayodungwa mkono wa kushoto. Hutoka kipele, kikatunga usaha, kikapona na kuacha kovu. Chanjo hii, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1921, huwakinga watoto wetu na kifua kikuu kikali, na hatuna budi kuendelea kuipokea.

Hata hivyo, wako watoto wachache mno ambao viini dhaifu vya chanjo hiyo huwaenea mwilini. Tezi za kwapani huvimba, homa haikatiki, na mwili hukonda. Mwaka 1996 watafiti walibainisha sababu mojawapo kwa kuchunguza watoto wa Malta na mtoto mchanga wa Tunisia ambaye wazazi wake walikuwa jamaa.

Chembe za kinga humeza viini, kisha husubiri amri ya kuviua. Amri hiyo huitwa interferoni gama. Watoto wale walizaliwa bila pokeo la amri hiyo: ikawa inatolewa, lakini haisikiki, na viini vikaendelea kuishi ndani ya chembe zilizovimeza.

Kasoro ya namna hii hurithiwa kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe huwa wazima. Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Ndugu wa damu wanapooana, uwezekano wa wote wawili kubeba kasoro ile ile huongezeka. Dini imehalalisha ndoa ya binamu, wala hatuiharamishi. Lakini kuficha maradhi ya ukoo si sitara, ni hatari.

Basi tusimlaumu mama, wala tusikimbilie kusema ni jicho la mtu. Ikiwa nyumbani alifariki mtoto mchanga kwa maradhi yasiyoeleweka, au alidhurika baada ya BCG, tumweleze muuguzi kabla mdogo wake hajadungwa, ili daktari aamue kama chanjo isubiri vipimo. Uvimbe mdogo kwapani mara nyingi si hatari. Ukiandamana na homa ndefu na kukonda, mtoto apelekwe hospitali pamoja na kijitabu chake cha kliniki. Zipo dawa za kuua viini, zipo sindano za interferoni kwa baadhi ya aina za kasoro, na upo upandikizaji wa uboho.

Dua tuiombe, na habari za ukoo tuzitoe. Neno moja la nyanya anayekumbuka laweza kumwokoa mjukuu.