Wenye Maji wa Digodigo na Baba Mtakatifu

Papa Francis alipofariki Aprili 2025, na Leo XIV alipochaguliwa Mei 8, lile swali la wageni wa mjini likarudi: hivi nyinyi Wabatemi mnaosali Katoliki, mnamwabudu yule mzee wa Roma? Waulizaji ni walewale waliofurika Samunge mwaka 2011, wakanywa kikombe cha dawa cha mponyaji aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, wakaondoka wakidai wameijua dini ya Wasonjo, yaani sisi Wabatemi. Kumbe Babu alikuwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Tuyaache hayo.

Mbatemi hahitaji kufundishwa kwamba mamlaka hupokezanwa. Tunakula kwa mifereji. Wenamiji, wazee wa baraza, wameshika zamu za maji kwa urithi wa ukoo tangu enzi za mababu. Zamu ikifika, mwenyewe huziba mfereji kwa mawe, matawi na tope, maji yakageukia shambani kwake, na ole wake kijana atakayegusa tope lile kabla ya wakati. Asiye na zamu aliomba, tena kwa adabu, na asali au mbuzi mkononi. Lakini mwenamiji hakuyaumba maji. Chemchemi aliikuta, akakabidhiwa kuitunza. Tulimwogopa, naam; kumwabudu, hata siku moja.

Papa naye ni mkabidhiwa. Katika Mathayo 16 Yesu anampa Petro funguo. Petro akauawa Roma enzi za Nero, na Wakatoliki wanamhesabu kila askofu wa Roma kuwa mrithi wake. Kule kutokosea kwa Papa, kulikotangazwa na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870, kunahusu pale anapotamka rasmi fundisho la imani au maadili kwa Kanisa zima. Dhambi anazo, na huungama kama mimi. Tofauti ni moja, na wazee wetu wangeigunia: cheo chake hakina ukoo. Makadinali wasiofikisha miaka 80 humchagua kwa theluthi mbili za kura, awe mtoto wa yeyote yule.

Kinachoniuma si maswali ya wageni. Ni kwamba watoto wetu wanajua maana ya moshi mweupe Papa anapochaguliwa, lakini ukiwatajia Ghambageu wa simulizi zetu wanatazamana. Huyo ndiye aliyetoka katika mguu uliovimba wa baba yake, akakataliwa kijijini Tinaga, akaponya wagonjwa, akafa. Kaburi lilipofunguliwa vikakutwa viatu tu. Mapadre walipofika walikuta watu wanaongoja arudi. Wapo makatekista wanaoiita habari hiyo ushenzi, nami nawaambia waziwazi wanakosea: aliyelelewa na simulizi ile hakushangaa kusikia habari za kaburi tupu la Yerusalemu.

Siku hizi serikali ya kijiji nayo ina neno lake kwenye maji, na wenamiji wanazeeka. Wewe unayekuja na maswali, ya Roma yameandikwa, utayasoma popote. Ukifika kwetu Digodigo, muulize mzee habari za mfereji, na uandike anachokujibu.