Unakula Chuma, Lakini Je, Kinaingia Mwilini?

Hebu jiulize kidogo. Kengele ya asubuhi imelia, mchakamchaka umeanza, na wewe baada ya raundi moja tu moyo unakwenda mbio na pumzi hazitoshi. Darasani unasinzia kabla kipindi cha pili hakijaisha. Ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu. Wenzako wanasema wewe mvivu. Mwalimu naye anasema hivyo hivyo. Je, ni kweli ni uvivu?

Labda. Lakini inawezekana pia kwamba damu yako ni pungufu. Tatizo hili limeenea kuliko vijana wengi wanavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 42 walikuwa na upungufu wa damu. Hesabu mwenyewe: kama hali ni hiyo hiyo katika darasa la wasichana 50, basi 21 kati yao wana tatizo hili. Wavulana nao hupata, ingawa si kwa wingi huo.

Zipo sababu nyingi, na moja kubwa ni upungufu wa madini ya chuma. Bila shaka umeshaambiwa, "Kula vyakula vyenye chuma." Ushauri huo ni mzuri, ila ni nusu tu ya habari. Kula chuma ni jambo moja, na chuma kuingia mwilini ni jambo lingine.

CHUMA KINAFANYA KAZI GANI?

Mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Ni kama msumari mmoja mdogo! Sehemu kubwa ya chuma hicho imo katika hemoglobini, kitu kinachoipa damu rangi yake nyekundu. Hemoglobini ni mchukuzi. Inabeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kwenye ubongo, misuli na kila kona ya mwili. Chuma kikipungua, wachukuzi wanapungua. Ndiyo maana unachoka, kichwa kinauma na somo haliingii.

Mwili ni bahili sana wa chuma. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na ikifa, mwili unakichukua chuma chake na kukitumia tena. Kwa kawaida mtu hupoteza miligramu 1 hivi kwa siku. Lakini msichana anayepata hedhi hupoteza zaidi. Na kijana yeyote anayekua haraka anahitaji damu zaidi, maana mwili umekuwa mkubwa. Basi kama kinachotoka ni kingi kuliko kinachoingia, akiba inakwisha polepole bila wewe kujua.

MLANGO WA CHUMA

Chakula unachokula hufika kwanza kwenye mfuko wa tumbo. Humo kuna asidi inayosaidia kukiandaa chuma. Kisha chakula hupita kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba, kipande kifupi chenye urefu wa sentimita 25 hivi. Hapo ndipo chuma kingi huingia kwenye damu. Huo ndio mlango wenyewe.

Ukitaka kujua umuhimu wa mlango huu, watazame watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Upasuaji huu hufanywa kwa watu wenye unene uliozidi mno, unaohatarisha afya yao. Sio kwa ajili ya urembo. Katika aina moja, daktari hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kinabaki kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Katika aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo, halafu anakiunganisha na utumbo wa mbele zaidi, ili chakula kiruke kile kipande cha mwanzo.

Uzito unapungua kweli. Lakini sasa mtu huyu anakula kidogo, asidi yake ni kidogo, na katika ile aina ya pili chakula hakipiti tena kwenye mlango wa chuma. Hata akila maini, chuma kinaweza kupungua. Ndiyo maana watu hawa huambiwa wameze vitamini na madini maisha yao yote, na wapime damu mara kwa mara hata kama wanajisikia wazima. Mwanamke anayepata hedhi hushauriwa apate miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku baada ya upasuaji. Vidonge visipotosha, huwekewa chuma kwa dripu.

Wewe hujapasuliwa. Mlango wako upo pale pale. Kumbe lakini unaweza kuufunga mwenyewe kila siku, tena kwa kikombe tu!

NINI KINAUFUNGA?

Wa kwanza ni chai. Chai ya rangi, chai ya maziwa na kahawa zina vitu vinavyoshikamana na chuma cha chakula na kukizuia kisiingie. Ukila maharage yako na kushushia kwa chai, sehemu kubwa ya chuma hicho inakwenda chooni. Hatukukatazi chai. Tunasema ikae mbali na chakula: saa moja kabla, au saa moja hadi mbili baada ya kula.

Wa pili ni maziwa mengi pamoja na chakula, maana kalisi nayo hupunguza chuma kinachoingia. Wa tatu ni dawa za kiungulia. Zinapunguza asidi, na asidi ndiyo inayokiandaa chuma. Usizinunue tu dukani na kuzimeza kila siku bila kumwona mganga.

Wa nne ni udongo. Ndiyo, udongo! Wasichana wengi hula udongo kwa siri na kuona aibu. Hakuna haja ya aibu, maana hamu ya kula udongo au barafu mara nyingi ni dalili yenyewe ya upungufu wa chuma. Tatizo ni kwamba udongo nao unaweza kukishika chuma na pia kuleta mayai ya minyoo. Ukiona una hamu hiyo, nenda ukapime damu.

NINI KINAUFUNGUA?

Vitamini C ndiyo ufunguo. Kamulia ndimu kwenye maharage au mboga. Kula pera, chungwa, embe au papai pamoja na mlo, sio saa tatu baadaye. Pera ni bei nafuu na lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Ubuyu nao unafaa, ila usiwe ule uliojaa sukari na rangi.

Pia jua kwamba chuma kiko cha aina mbili. Cha nyama, maini, kuku, samaki na dagaa huingia kwa urahisi. Cha maharage, kunde, choroko, mchicha na kisamvu huingia kwa shida, na ndicho kinachosumbuliwa zaidi na chai. Lakini ukichanganya dagaa kidogo na mboga zako, nyama hiyo ya samaki inakivuta hata chuma cha mboga. Kwa hiyo wewe wa bweni unayekula ugali na maharage siku sita kwa wiki, usikate tamaa. Ndimu moja na dagaa wachache wanaweza kubadilisha mambo.

WANAOKUIBIA DAMU

Wakati mwingine mlango uko wazi, ila kuna mwizi ndani ya nyumba. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu ukitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, kisha hukaa kwenye utumbo na kunyonya damu. Vaa viatu, tumia choo, na meza dawa ya minyoo inapotolewa shuleni. Kichocho nacho hutoa damu kwenye mkojo. Mvulana akiona mkojo wenye damu asidhani amekua. Huo ni ugonjwa, na una dawa. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu, kwa hiyo lala kwenye chandarua.

Na wewe dada, kama hedhi inazidi siku saba, au unalazimika kubadilisha pedi kila saa moja au mbili, usiseme "ndivyo nilivyo". Mwambie mama, shangazi, matroni au muuguzi. Hiyo inatibika.

NENDA UKAPIME

Kwa kuangalia macho na viganja peke yake huwezi kuwa na uhakika. Zahanati au kituo cha afya wanaweza kupima wingi wa damu kwa tone moja la kidoleni. Kwa msichana asiye mjamzito, kiwango kikiwa chini ya 12 damu ni pungufu. Kwa mvulana wa miaka 15 na zaidi ni chini ya 13.

Kwa nini upime kabla ya kununua vidonge? Kwa sababu si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Mtu mwenye selimundu, kwa mfano, damu yake hupungua kwa sababu chembe zake huvunjika mapema. Kama ameshaongezewa damu mara nyingi, chuma kinaweza kumzidi na kumdhuru. Huyo asimeze vidonge vya chuma bila ushauri wa daktari.

UKIPEWA VIDONGE

1. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, sio kwa chai wala maziwa.

2. Usizidishe. Ukimeza vingi kwa siku moja ili upone haraka, mwili unaubana mlango kwa muda, na kidonge kinachofuata hakiingii vizuri. Ndiyo sababu wengine huandikiwa kidonge siku moja na kupumzika siku inayofuata. Fuata ulivyoandikiwa.

3. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni chuma kilichobaki. Tumbo likichafuka, meza baada ya chakula au usiku. Choo kikiwa kigumu, kunywa maji mengi na ule matunda na mboga.

4. Usiache ukijisikia nafuu. Damu huanza kupanda katika wiki chache, lakini akiba huchukua miezi kujaa. Kwa kawaida unaendelea kwa miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi kiwango chake.

5. Vifungie mbali na watoto. Vidonge hivi vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

JE, NI KWELI?

"Juisi ya rozela na bitiruti huongeza damu kwa sababu ni nyekundu." Si kweli. Rangi haigeuki kuwa damu. Ni vinywaji vizuri, lakini havichukui nafasi ya dagaa, maharage wala vidonge.

"Damu pungufu ni ugonjwa wa wajawazito tu." Si kweli. Kijana yeyote anaweza kuupata. Ila msichana anayeanza ujauzito siku moja huko mbele akiwa na akiba tupu, hatari kwake na kwa mtoto ni kubwa zaidi.

"Mtu mnene hawezi kukosa damu." Si kweli. Unene hauonyeshi kiasi cha chuma. Mtu anaweza kushiba kila siku kwa chipsi na soda na bado akapungukiwa.

BASI TUFANYEJE?

Anza leo na mambo matatu: sogeza chai mbali na chakula, weka ndimu au tunda kwenye mlo, na ukapime damu kama una dalili tulizotaja. Kama ninyi ni viongozi wa bweni, ongeeni na mwalimu wa chakula. Chai ikitolewa saa nne badala ya pamoja na maharage, shule nzima inafaidika bila kuongeza hata shilingi moja.

Na ukimwona mwenzako anasinzia kila siku darasani, kabla hujamwita mvivu, muulize kwanza: "Ulishapima damu?"