Jirani Yetu wa Nyeri

Leo nataka twende pamoja mpaka Nyeri, tukaitazame kazi ya ndugu zetu Wakatoliki wa jimbo lile. Labda mmoja atauliza, "Mambo ya Wakatoliki yatuhusu nini sisi Waprotestanti?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Tusikilize kwanza.

Tarehe 29 Juni 1902, mapadre wa Consolata kutoka Turin, Italia, walisoma misa yao ya kwanza huko Tuthu, chini ya milima ya Nyandarua. Chifu Karuri wa Gakure ndiye aliyewapokea akawapa mahali pa kukaa. Yeye mwenyewe alibatizwa mwaka 1916, miaka 14 baadaye. Kutoka Tuthu kazi ilienea. Mwaka 1953 Nyeri ikafanywa jimbo, na mwaka 1990 ikawa jimbo kuu. Meru, Marsabit na Murang'a ni majimbo yaliyotoka tumboni mwake. Hata Tuthu yenyewe sasa iko katika jimbo la Murang'a.

Wamisheni wetu nao hawakuwa mbali. Waskoti walikuwa Tumutumu; Waanglikana walikuwa Weithaga na Kahuhia. Kila upande ulitaka kilima chake na shule yake, na watoto wa ukoo mmoja wakajifunza kutazamana kama wageni. Tusifiche jambo hilo.

Sasa katika jimbo hili kulikuwa na mtawa mmoja, Sista Irene Stefani. Alifika Kenya mwaka 1915, akiwa na miaka 23. Wakati huo ilikuwa vita kuu, na vijana wetu maelfu kwa maelfu walichukuliwa kuwabebea askari mizigo. Hao ndio walioitwa Kariokor, jina ambalo mtaa mmoja wa Nairobi unalo hata leo. Wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa na njaa. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za kambi, huko Voi, Kilwa na Lindi. Aliosha vidonda na kuwalisha waliolala chini bila nguvu. Wengi wao hawakuwa Wakristo wa dhehebu lolote.

Vita ilipokwisha alipelekwa Gikondi. Kwa muda wa miaka kumi alifundisha shule, na kwa viatu vyake vizito akapanda na kushuka vilima kuwatazama wagonjwa. Akina mama ambao wana wao walikuwa wamekwenda mbali kutafuta kazi, aliwaandikia barua. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mwalimu mmoja aliyeshikwa na tauni. Ugonjwa ukamwingia yeye pia, akafa tarehe 31 Oktoba, mwenye umri wa miaka 39. Mnamo 23 Mei 2015 kanisa lake lilimtangaza Mwenye Heri huko Nyeri, mbele ya umati mkubwa sana.

Msikilizaji, sisi hatuna desturi ya kuwatangaza watu hivyo, na katika mafundisho mengine hatupatani nao. Hayo tuyaseme wazi bila matusi. Lakini fungua Luka sura ya 10. Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakumtoa mfano kuhani wala Mlawi. Alimchukua Msamaria, mtu wa upande ule mwingine, ambaye wasikilizaji wake hawakupenda hata kumsifu. Je, akija leo kijijini kwetu na kutuonyesha mtu wa kanisa lile jingine, tutakubali kufundishwa?

Wako wengine kati yetu wasioingia katika boma la jirani aliyefiwa, kwa sababu mazishi yanaongozwa na padre. Wako wazazi waliomkana binti yao kwa ajili ya dhehebu la mume. Ndugu yangu, mgonjwa anapoomba maji haulizi kikombe kimetoka kanisa gani.

Basi wiki hii fanya jambo moja. Mtafute mgonjwa asiyesali nanyi, uende kwa miguu yako, ukaketi naye. Usiende kumvuta aje kwenu. Nenda kumpa pole.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwapita waliolala njiani. Utupe moyo wa huruma. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.