Mwaka wa Nairuzi, Kitabu kwa Kila Mwongo

Wazee wa bahari huku visiwani Lamu wana mwaka wao, haufuati Januari wala Mfungo Mosi. Ni mwaka wa Nairuzi, una siku 365, umegawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, na zinazosalia ni siku tano za kufungia hesabu. Kwa kuwa hauongezwi siku kila baada ya miaka minne, Siku ya Mwaka hurudi nyuma polepole ukiilinganisha na kalenda ya ukutani. Siku hizi huangukia Julai, na wenzetu wa Makunduchi, Unguja, huisherehekea kwa Mwaka Kogwa. Kwa miongo hiyo mkulima alijua lini atie mbegu, na nahodha akajua lini bahari itamkatalia.

Mimi ni nahodha wa boti ya abiria baina ya mji wa Lamu na kisiwa cha Pate. Nilipoazimia kusoma mwaka mzima, vitabu vya kila namna, kalenda hiyo ndiyo iliyonifaa. Mwezi ni mrefu, mtu huzembea katikati. Wiki ni fupi kwa mwenye kazi. Siku kumi zatosha kitabu cha kurasa mia na kitu, na kikiwa kinene zatosha kujua kina nini ndani.

Wazo lenyewe nililipata kwa abiria, mwalimu kijana wa Faza. Alinisimulia habari za Ann Morgan, mwandishi Mwingereza ambaye mwaka 2012 alijipa kazi ya kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi ya dunia. Alipofika São Tomé na Príncipe hakupata kilichofasiriwa kwa Kiingereza, hata watu wakajitolea kumfasiria kimoja. Nikamwambia yule mwalimu kwamba nchi namwachia mama huyo, mimi nitapita fani. Akacheka. "Ami, fani nyingine zitakushinda." Na kweli zipo zilizonishinda, nitazitaja.

Kabla ya hapo nilikuwa msomaji wa aina moja. Nikimaliza Utengano cha Said Ahmed Mohamed nitatafuta Kiu cha Mohamed Suleiman Mohamed, na Kiu kikiisha nitamwomba mtu aniazime Vuta n'kuvute cha Shafi Adam Shafi. Vitabu vizuri hivyo, wala sikuviacha. Lakini mtu aweza kusoma riwaya miaka ishirini asijue figo lake liko wapi wala katiba ya nchi yake inampa nini.

Nafasi ya kusoma haikunisumbua, maana kazi ya boti ina kungoja kwingi. Wangoja abiria wajae, wangoja mzigo wa mtu aliyesema yuaja sasa hivi, na zaidi wangoja maji. Njia ya Pate hupita mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, na maji yakitoka hapapitiki. Anayelazimisha atakaa juu ya tope na abiria wake mpaka yajae tena. Kitabu changu hukaa ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko, chini ya ubao wa nyuma, pamoja na miwani na penseli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini hata isingepigwa ndoo ni bora: wimbi likiingia, itaelea.

Fani nilizipanga kwa namna moja tu, zilizo jirani zisifuatane. Baada ya dini ufundi, baada ya ufundi tamthilia, baada ya tamthilia afya. Vitabu viwili vya jamii moja vikifuatana huchanganyika kichwani, na baada ya mwezi hujui lipi lilisemwa wapi. Tena mwongo ukiisha kitabu kinafungwa, hata kama kimebaki nusu. Wapo watakaosema huko ni kukosa adabu kwa kitabu. Mimi naona kitabu kimoja kigumu kikiachiwa njia kitaziba vyote vilivyo nyuma yake, na mwaka utaishia hapo. Siku tano za mwisho ndizo nilizowekea viporo.

Sharti lililobaki ndilo lenye faida kuliko yote. Kila kitabu lazima nimweleze mtu mmoja kimesema nini, na mtu huyo awe anaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Kwa sharti hilo nilifika Matondoni. Mwongo wa ufundi niliuwekea Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2017. Ulichapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979, na unaeleza chombo kinavyoundwa na viungo vyake vinavyoitwa. Matondoni ni kijiji cha waunda vyombo, upande wa magharibi wa kisiwa chetu. Nilimkuta fundi mzee kwenye kivuli cha jahazi lililopandishwa pwani, anakalafati. Alikuwa akisokota pamba iliyotiwa mafuta, anaisukuma baina ya mbao kwa patasi butu, anagonga, anasogea shibiri moja, anagonga tena. Nikaketi juu ya gogo nikamsomea. Tukavipita viungo kimoja kimoja, naye kila kimoja akikinyoshea nyundo: mkuku, mataruma, fashini, na foromali iliyolazwa mchangani kando. Palipotokea jina asilolitumia alinisimamisha. "Rejea hapo. Sisi hapa twaita vingine." Nikaandika la kwake pembeni mwa ukurasa kwa penseli. Wanafunzi wake wawili waliokuwa wakiranda mbao waliacha kazi, na mmoja wao akaniita kwa Kiamu cha kwao, "Ndoo huku, utusomee na sisi," yaani njoo, maana sauti yangu haikufika upande wa pili wa jahazi.

Tangu hapo nimeacha kuziamini rafu. Mtu wa maktaba ataliweka andiko hilo kwenye ushairi na hatakosea, ila yule fundi alilipokea kama maelezo ya kazi, akalisahihisha kama anavyomsahihisha mwanafunzi. Nabhany huyohuyo ana Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985, na huo niliuhesabia kilimo. Huku kwetu utenzi ulibeba kila elimu, kwa hiyo anayetafuta fani mbalimbali kwa Kiswahili na akaziruka tenzi kwa kuwa "ni mashairi" atarudi mikono mitupu na kudai hakuna vitabu.

Historia nayo niliipata kwa njia hiyo. Nilichukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo wengi huisoma kama mawaidha ya kifo na dunia. Mawaidha yamo, hata hivyo yamesimama juu ya mji uliokuwapo kweli. Siku ya maji mafu nilifunga boti Mtangawanda nikapanda pikipiki mpaka mji wa Pate, nikaingia magofuni na kitabu. Watu hulima tumbaku humo ndani. Kuta za matumbawe zimekatika kwa juu, na katikati ya chumba kilichokuwa cha kulala mabwana, mistari ya tumbaku imepandwa sawasawa. Zidaka bado zinaonekana ukutani, safu juu ya safu, pale palipopangwa sahani na mabakuli ya kigeni. Niliposoma habari za majumba yale nikiwa nimesimama humohumo, na mkulima kando yangu anachuma majani, sikuhitaji sherehe za wataalamu. Yeye aliniuliza mwenye nyumba alikuwa nani. Nikamwambia kitabu hakimtaji.

Hapo nikavutwa mbele bila kupanga. Pate ilididimia, na Lamu ikainuka. Watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1813, na ngome yetu ikamalizwa kujengwa mwaka 1821. Ngome hiyo ilikuja kuwa jela mpaka mwaka 1984, na leo ni ya Makavazi ya Taifa ya Kenya na ina maktaba ndani. Nilikwenda kusomea Sauti ya Dhiki humo kwa makusudi. Abdilatif Abdalla hakufungwa Lamu, lakini mashairi yale aliyatunga gerezani baina ya mwaka 1969 na 1972, na kuyasoma ndani ya kuta za gereza la zamani kunaongeza uzito. Hiyo niliihesabia siasa.

Kitabu kilichozua mazungumzo mengi kuliko vyote botini kilikuwa cha afya, Mahali Pasipo na Daktari. Kiliandikwa kwanza kwa Kihispania na David Werner kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Mexico, na kikafasiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mtu wa kisiwani hahitaji kuelezwa maana ya jina lile. Nilipowaeleza akina mama maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, walinikatiza wakisema hayo wanayajua tangu kliniki. Bibi mmoja wa Siyu akangoja wamalize kisha akauliza, "Na hiyo chumvi, ikizidi?" Nikafungua ndoo nikatafuta ukurasa. Jibu limo: onja kwanza, na kinywaji kisizidi machozi kwa chumvi. Bibi akasema, "Ehe, hicho kipimo." Ndiyo maana nasema mweleze anayejua. Asiyejua atakuitikia tu.

Kwa sayansi niliagiza vitabu vya shule za msingi vya Tanzania, kwa kuwa huko somo hilo husomeshwa kwa Kiswahili na kwetu Kenya ni Kiingereza. Mtu mzima asione haya. Kitabu cha mtoto hakijifichi nyuma ya maneno. Bamvua na maji mafu nimeyaishi tangu utotoni, hesabu ya mwezi iko kwenye vidole vyangu, ila sikuwa nimewaza kwamba jua nalo linavuta bahari. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, mvuto wa jua ukaongezea wa mwezi, na maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta upande wake, maji yakalegea. Nilimweleza baba yangu. Akanijibu kwamba yeye alitia nanga miaka yote hiyo bila ya jua kumsaidia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina nakala ya Kiswahili, na hiyo ilikuwa sheria. Usiisome moja kwa moja kama riwaya, utalala. Anza na Sheria ya Haki. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Huku kwetu hayo si ya darasani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya LAPSSET ulivunja haki za watu wa Lamu, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Nilikuwa nimesikia fedha tu, kama kila mtu gatini. Nilipovisoma vifungu ndipo nikajua wavuvi walisimama juu ya nini.

Tamthilia ilipita upesi: Juliasi Kaizari ya Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, iliyotoka kwanza mwaka 1963, na inasomeka vizuri zaidi kwa sauti, mkiwa wawili. Shamba la Wanyama la Orwell, alilolifasiri Fortunatus Kawegere, nililimaliza kabla ya nusu ya mwongo. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, tuliusoma nyumbani na mke wangu na binti yetu. Waliutetea kwa lugha, wakaubishia kwa masharti ya mume, na mimi nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimezidiwa idadi.

Sasa yaliyonishinda. Uchumi ulinishinda kabisa. Vitabu nilivyovipata ama vilikuwa vya mtihani, ama vilikuwa hotuba za kutajirika zilizofasiriwa na mtu ambaye, naona, hajawahi kuuza hata kilo ya samaki. Falsafa niliijaribu kwa Nagona ya Kezilahabi. Nikaifunga siku ya kumi, nikairudia katika zile siku tano, na bado naiwia. Kitabu cha injini za boti kwa Kiswahili sikukipata, si Lamu, si Malindi, si Mombasa. Nilicho nacho ni kile cha Kiingereza kinachokuja na injini. Vijana wanaotengeneza mashine hapa mjini hujifunza kwa kutazama mikono ya wenzao, ilhali katika lugha hiihii jahazi lina utenzi wake na mnazi una wa kwake.

Msomaji unayetaka kujaribu, usingoje Julai wala Januari. Andika fani kumi kwenye karatasi, weka mwanzoni ile unayoikwepa, na mtafute mapema mtu utakayemweleza. Mimi naanza upya Siku ya Mwaka ijayo, na mwongo wa injini bado hauna kitabu. Mwenye kukijua kilichoandikwa kwa Kiswahili anitumie kwa basi lolote la Mombasa linaloishia Mokowe. Nauli na bei nitalipa.